Wenye Alama wa Kinyinya

Nina mashimo usoni. Naanza na hilo ili tulimalize. Yako kwenye paji, mashavuni, puani, mpaka kwenye kope. Aliyeyachimba ni ndui, nilipokuwa na miaka saba. Dada zangu wawili walizikwa wiki moja, mimi nikabaki. Kwa hiyo mtu akinipa pole kwa uso wangu, huwa namuuliza pole ya nini.

Mtaa wetu ni Biryogo, hapa Kigali, mtaa wa mafundi cherehani na wenye maduka madogo, watu ambao babu zao walikuja na misafara kutoka pwani, wakaoa huku, wakasahau kurudi. Na kwetu mwanamke mwenye mimba hatakiwi kutazama kitu kibaya, mtoto asije akafanana nacho. Kitu kibaya cha Biryogo kilikuwa mimi, Swafiya. Tena kazi yangu ilikuwa kushona nguo za watoto wachanga, kwa hiyo wateja wangu wote walikuwa wajawazito ambao sikuwaona. Walituma wifi, walituma mama mkwe. Nikipita njiani walivuta kitenge kufunika tumbo.

Na mimi, nikubali kosa langu, niliwarahisishia. Nilivuta mtandio mpaka chini ya macho, na cherehani yangu barazani niliielekeza ukutani. Miaka thelathini nilishona nikitazama ukuta. Ulikuwa na ufa mmoja ninaoujua kuliko ninavyowajua ndugu zangu.

Halafu siku moja mke wa Twahiru, yule muuza vitambaa, akaja mwenyewe. Uwamahoro, binti wa miaka ishirini, mimba ya miezi saba. Alivuta kigoda akakaa hapo hapo, kati yangu na ufa wangu.

"Shangazi, nataka gauni la mtoto, la manjano," akasema. "Mama mkwe anataka jeupe, lakini si yeye anayezaa."

Nikamwambia, "Tumbo lako."

"Lina nini?"

"Mbona hulifuniki?"

"Iko joto," akajibu, akachukua sampuli za lesi akaanza kuzichambua. Alikaa mpaka adhuhuri. Alipoondoka nilifanya kitu cha kijinga, nikalia juu ya gauni la manjano, ikabidi nilifue.

Mwaka ule, wa saba tangu uhuru, ndui ikaingia mjini. Mchanjaji aliyeletwa mtaani kwetu alikuwa kijana mpole, Nsabimana, mwenye sindano fupi ya ncha mbili na sanduku la barafu. Watu walipanga foleni, isipokuwa wajawazito, kwa sababu ilikuwa imevuma kwamba chanjo inatoa mimba. Mukarugwiza, mama mkwe wa Uwamahoro, alimficha mkwe wake nyuma ya majora ya vitambaa dukani mpaka Nsabimana akapita. Alifanya hivyo kwa mapenzi, simsingizii. Alifanya kosa kubwa kuliko yote kwa mapenzi.

Mimi Nsabimana alinitazama tu akacheka. "Wewe mama huna haja. Ndui haimrudii mtu. Wewe unaweza kulala nayo kitanda kimoja."

Nikamuuliza mtu aliyekwisha kukutana nayo afanye nini.

"Chanjo ikiwahi ndani ya siku tatu, inaipita njiani," akasema. "Baada ya hapo tunamwachia Mungu."

Wiki mbili baadaye Uwamahoro akashikwa na homa, kisha vipele. Amri ilikuwa kwamba kila mgonjwa apelekwe Kinyinya, kwenye banda la zamani la kukaushia ngozi, mlimani mbali na watu. Lori likaja saa nne asubuhi. Mtaa mzima ulitoka kutazama, kwa umbali. Dereva, ambaye alikuwa amechanjwa, akauliza nani anafuatana na mgonjwa, maana mgonjwa ana mimba ya miezi minane. Mkunga wetu wa mtaa akakumbuka kwamba ana mguu mbovu. Mukarugwiza alikuwa analia amejishikilia kwenye nguzo ya duka. Twahiru akapiga hatua moja, mama yake akamvuta shati, naye akarudi nyuma. Sitaki kumsema sana, hakuwa amechanjwa. Lakini nilimwona Uwamahoro akimwona anarudi nyuma.

Nikafunga cherehani yangu kwa mfuniko wake. Nikachukua mkasi, sindano, uzi, sabuni, na sanduku langu la nguo za Idi. Nikapanda lori.

"Bi Swafiya, unakwenda wapi?" mtu akapaza sauti.

"Kwenda kulala na ndui kitanda kimoja," nikasema, na hakuna aliyecheka isipokuwa Uwamahoro, pale chini kwenye sakafu ya lori, kwa mdomo uliojaa vidonda.

Banda lilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja, polisi mmoja aliyekaa mbali nyuma ya kamba, na harufu ya ngozi ambayo haikutoka hata tuliposugua sakafu kwa majivu. Chakula kililetwa kambani kikaachwa chini. Hakuna muuguzi aliyekuja. Siku ya kwanza nilibeba maji, nikafua, nikalisha, na jioni nikajua kwamba peke yangu nitaanguka kabla yao. Na mtoto atazaliwa, na mimi sijawahi kuzaa wala kuzalisha. Nilijua vipimo vya mtoto mchanga, kifua na mkono na shingo. Jinsi anavyotoka sikujua.

Nikasimama kambani nikamwita polisi. "Mlima huu mzima hauna mwanamke mwenye uso kama wangu?"

Akafikiri. "Iko mmoja, anapanda viazi kule chini. Mukantwari. Lakini yule ni mkali."

"Mwambie hapa iko mwingine mkali anamtaka."

Mukantwari alikuja kesho yake na jembe begani, mwanamke mrefu, mashimo yake makubwa kuliko yangu, jicho moja limefunga. Akanitazama kwa muda. Nadhani hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kutazama uso kama ule bila kioo. Nikamweleza habari ya Uwamahoro.

"Mimi nilizala mala tisa," akasema. "Mala sita nilikuwa peke yangu, bwana iko kwa pombe. Huyu mtoto wako iko wapi?"

Tangu siku ile tulikuwa wawili, na baadaye wanne, maana Mukantwari alijua wengine wawili katika vijiji vya jirani, na walipoona hatujafa wakaja. Wenye alama, polisi alituita, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa adabu. Tuligawana kazi bila kuandikiana. Wawili walishika wagonjwa, mmoja maji na kuni, na mimi nguo, kwa sababu nguo za ndui ndizo ndui yenyewe. Kila kilichogusa ngozi ya mgonjwa nilikichemsha. Ambacho hakikuchemka kikachomwa. Watu wanne walitufia mikononi, na sitasema kwamba tuliwazoea.

Uwamahoro alijifungua alfajiri ya Jumanne, siku ya nane ya vipele vyake. Mukantwari alimshika mgongoni akimtukana kwa Kinyarwanda, matusi ya mama kwa mwanawe, na kila tusi lilimsukuma kidogo. Mimi nilikuwa mbele na kitambaa. Akatoka msichana, mwekundu, mzima, ngozi yake safi kama unga. Nilimpokea mimi. Uso wa kwanza aliouona duniani ni huu.

Uwamahoro akanyoosha mikono. Mukantwari akaniangalia, na jambo ambalo tulikuwa tumelizungumza wawili tu kwa siku tano sasa likabidi lisemwe.

"Humshiki," nikamwambia.

"Shangazi?"

"Mwanangu, ngozi yako yote ni ndui. Ukimshika unampa. Pengine tayari ameipata tumboni, hatujui. Lakini akichanjwa ndani ya siku tatu, na akakaa mbali na wewe mpaka chanjo ishike, anaweza kuishi. Ukimnyonyesha leo, utamzika."

Sijui mtu mwingine angesema nini. Yeye alirudisha mikono kifuani akaikunja, akageuza uso ukutani. Kisha akasema, "Basi mpeleke haraka kabla sijabadilisha nia."

Tulimweka kwenye kibanda cha nyasi alichokijenga Mukantwari hatua arobaini kutoka bandani, upande wa upepo. Mmoja wa wale wawili wa vijijini, aliyekwisha kuoga na kubadili nguo, alikaa naye akimnywesha kwa kijiko maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kuongezwa maji. Uwamahoro alisikia anapolia. Kila akilia, maziwa yalimtoka. Alijikamua chini kwenye udongo, asubuhi na mchana na jioni, ili yasikauke, na hakutaka mtu amtazame akifanya hivyo.

Niliyafikiria maziwa yale njia nzima. Kwa maana Jumanne ile ile nilioga kwa sabuni ya magadi mpaka ngozi ikaniwasha, nywele na kucha, nikavaa nguo zangu za Idi zilizokuwa zimefungiwa sandukuni kwa polisi, nikashuka kwa miguu mpaka Kabeza, ambako nilisikia Nsabimana anachanja mbele ya maduka. Nilimkuta na foleni ndefu. Nikamwambia habari.

Akafurahi, kisha akanywea. "Mama Swafiya, siwezi. Dozi zimeandikwa kwa majina. Bwana Rutayisire wa ofisini ndiye mwenye orodha, na banda la Kinyinya amelifuta, amesema chanjo ni ya wazima, kule wako wagonjwa tu."

"Mtoto ni mzima."

"Lakini hayumo kwenye orodha."

"Orodha iliandikwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita alikuwa tumboni, Nsabimana. Ulitaka ajiandikishe vipi?"

Akainamisha kichwa. Alikuwa na mke na kazi moja. "Niletee karatasi yenye muhuri," akasema, "nami nitakuja kwa mbio. Naapa nitakuja."

Basi Jumatano, siku ya pili ya mtoto, nilioga tena, nikavaa tena nguo za Idi, nikaenda Kimihurura, alikokuwa Rutayisire. Sitaitaja ofisi. Ilikuwa na maua mbele na tarishi mlangoni. Tarishi akaniambia nisubiri nje, bwana mkubwa ana kazi. Nikasubiri. Mtandio wangu chini ya macho, mikono magotini, adabu yote niliyolelewa nayo. Jua likapanda. Watu wenye viatu waliingia na kutoka. Saa sita nikauliza, nikaambiwa nije Ijumaa.

Ijumaa ingekuwa siku ya nne.

Nilikaa pale nikaona hasira inakuja, na nikaitambua. Haikuwa ya siku ile. Ilikuwa hasira ya vile vitenge vyote vilivyovutwa juu ya matumbo nilipokuwa napita, miaka thelathini yake. Nilikuwa nimeiweka tu kama mtu anavyoweka kitambaa kizuri akisubiri mteja wa kufaa. Nikasimama, nikavua mtandio wangu wote, nikaukunja vizuri nikautia kwapani. Tarishi akanitazama, akarudi nyuma hatua tatu. Nikapita.

Rutayisire alikuwa mtu mnene mwenye kalamu nzuri. Nilivuta kiti cha wageni, nikakaa, nikaweka viwiko juu ya meza yake.

"Salamu aleikum. Naitwa Swafiya. Natoka bandani Kinyinya."

Hakujibu salamu. Aliruka, kiti kikaanguka. "Toka! Weye iko na ndui!"

"Sina ndui, bwana mkubwa. Nilipona zamani sana, wewe hujazaliwa. Haya ni makovu tu."

"Toka inje! Tarishi! Tarishi!"

Tarishi alikuwa amekwisha fika barabarani. Chumba cha pili karani wa taipu aliona uso wangu mlangoni akapiga kelele, na baada ya hapo nilisikia viti, milango, viatu. Mwingine alitoka kwa dirisha na faili lake. Rutayisire naye, kwa vile mlango ulikuwa upande wangu, ilibidi apite dirishani pia, na kwa mwili ule haikuwa kazi ndogo. Nilimwambia tena: bwana, sina ndui, nimeoga, nguo ni safi. Nilimwambia ukweli mara tatu. Kama hakutaka kuusikia, mimi nifanyeje?

Nikabaki peke yangu katika ofisi ya serikali. Palikuwa na ubaridi mzuri. Orodha ilikuwa pale pale mezani, kurasa nyingi, na alama ya vema mbele ya kila aliyechanjwa. Nasoma vizuri, baba yangu alinifundisha herufi kabla hajanifundisha sindano. Jina la kwanza juu kabisa lilikuwa lake mwenyewe, Rutayisire, na alama ya vema.

Nikaenda dirishani. Alikuwa amesimama katikati ya maua.

"Bwana mkubwa, umechanjwa?"

Akayaangalia maua.

"Hapa inaonyesha umechanjwa. Basi unakimbia nini?"

Karani wa taipu, aliyekuwa nyuma yake, akamgeukia. Na tarishi naye akamgeukia. Mtu yule alikuwa amewapangia foleni watu wa Kigali nzima, naye mwenyewe alijitia alama ya vema bila kuchanjwa, kwa kuogopa sindano. Jasho lilimtoka mpaka likalowesha kola.

"Mama," akasema, sasa kwa sauti nyingine, "unataka nini?"

"Mtoto mmoja. Ana siku mbili."

"Haiko kwa liste."

"Nipe ruhusa nimwandike."

Alipangusa shingo. Mimi nikarudi kwenye kiti, safari hii kile chake, nikakiinua nikakaa. "Sina haraka," nikasema kwa sauti ya kusikika nje. Ulikuwa ni uongo wa pekee niliousema siku ile.

"Andika!" akasema hatimaye. "Andika, andika!"

Nikachukua kalamu yake nzuri. Chini ya jina la mwisho nikaandika kwa herufi kubwa: MTOTO WA UWAMAHORO, BANDA LA KINYINYA, SIKU MBILI, MZIMA. Nikaandika pia karatasi ya ruhusa kama Nsabimana alivyonieleza. Nikapeleka vyote dirishani pamoja na muhuri na wino. Alitia sahihi na muhuri akiwa amenyoosha mkono mbali na mwili kana kwamba karatasi inauma. Nikamshukuru. Kabla sijatoka nilikirudisha kiti cha wageni mahali pake, maana sikulelewa ovyo, na nikamwambia Nsabimana anachanja Kabeza, foleni si mbaya baada ya saa tisa.

Nilipita katikati yao kwenda barabarani na uso wangu wazi. Walinipisha kama kiongozi. Nilipofika kwenye kona ambako hawanioni, nikautoa mtandio kwapani nikauvuta tena chini ya macho.

Nsabimana alitimiza kiapo. Alifika Kinyinya jua likiwa bado juu, akapita kambani bila kumsalimia polisi, akapiga magoti kwenye kibanda cha nyasi. Alimchoma mkono wa kushoto mara kumi na tano, juu juu, haraka. Mtoto akapiga kelele. Na kutoka bandani, hatua arobaini mbali, Uwamahoro akapiga kelele naye, lakini ya kwake ilikuwa ya shangwe, vigelegele vya mdomo uliojaa vidonda, vibaya kabisa, vimekatikakatika. Mukantwari akamsaidia.

Halafu tukangoja. Siku ya tatu baada ya chanjo mkono ulikuwa mtupu. Siku ya nne kijipele, pale pale alipochomwa, peke yake. Nilimvua mtoto nguo kila asubuhi juani nikamkagua ngozi kama ninavyokagua jora la kitambaa, inchi kwa inchi, natafuta kasoro. Siku ya saba tangu azaliwe, siku ambayo kwetu mtoto hunyolewa nywele na kupewa jina, Twahiru alikuja kambani na mbuzi ambaye hakuna mtu wa kumla. Alikuwa amechanjwa, akatuonyesha mkono. Uwamahoro alisimama mlangoni mwa banda, akiegemea Mukantwari, akataja jina kwa sauti ili lifike: Nyiraneza. Twahiru akalirudia kambani. Mimi nikamnyoa. Kijipele kilikuwa kimekuwa lengelenge kubwa lenye kibonyeo katikati, kama Nsabimana alivyosema kitakavyokuwa kikishika. Kwingine kote, hakuna kitu.

Siku ya kumi na tano ya maisha yake, ngozi yake ikiwa bado safi, nilimbeba hatua zile arobaini nikamweka mikononi mwa mama yake. Maziwa yalikuwepo. Mukantwari alitoka nje kutazama viazi ambavyo havikuhitaji kutazamwa.

Magamba ya Uwamahoro yalianguka moja moja, na chini yake palikuwa na mashimo. Aliomba kioo, nikamwambia hakuna, nikiwa ninacho sandukuni. Akajitazama kwenye ndoo ya maji. Nami nikaamua kumfanyia jambo. Nilimwagiza Twahiru kitambaa laini kuliko vyote dukani, pamba nyeusi nyepesi, nikamshonea utaji kwa mkono, tundu za macho nimezizungushia nakshi, ukingo wote nimeupiga mshono wa mnyororo. Nilishona kila nilipopata nafasi kwa siku kumi. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile. Nilitaka apite Biryogo bila mtu kumwona. Nilijua kinachomngoja pale.

Siku ya kuachiwa tulioga sote, tukachoma tulichovaa. Nikampa utaji. Aliupokea kwa mikono miwili, akapapasa nakshi yake, akasema asante.

Kambani walisimama Twahiru na mama yake. Mukarugwiza alikuwa amebeba nguo mpya na asali, amekonda kwa majonzi ya wiki zile. Alimwona mkwe wake. Akafumba macho, akafumbua, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto kwanza," akasema kwa upole. "Wewe mwanangu kaa kidogo huku mlimani kwa huyu mama, uso upoe. Watu wasije wakaona..."

"Uso umekwisha kupoa, Mama," Uwamahoro akasema. "Ndio huu."

Wakati ule ule Nyiraneza akajisaidia. Lilikuwa jambo kubwa, lililosikika. Uwamahoro akachuchumaa pale pale kwenye majani, akamfungua, akautoa ule utaji wangu kifuani, wa siku kumi, wa mshono wa mnyororo, akaukunja pembetatu, akamvika mwanawe makalioni akafunga fundo.

"Kitambaa kizuri sana, Shangazi," akaniambia akiniangalia juu. "Laini. Kinafyonza."

Nilikasirika. Naapa nilikasirika kwanza, nikafungua mdomo nimwambie kazi ile imenila macho. Kisha nikaona anaangalia nini. Alikuwa anaangalia mkono wangu. Mkono wangu ulikuwa umeshika mtandio, umeuvuta mpaka chini ya macho, mimi niliyekaa kwenye kiti cha Rutayisire, na hata sikujua umefika pale saa ngapi.

Twahiru akapita chini ya kamba. Hatua moja, halafu nyingine, na safari hii shati lake halikuvutwa, au lilivutwa akaendelea. Akamchukua mtoto na mzigo wake wote. Akamwambia mkewe, "Twende nyumbani." Mukarugwiza alilia, na katikati ya kilio akamshika Uwamahoro shavu, lile lenye mashimo, akakiacha kiganja pale. Nikamsamehe kidogo. Si yote.

Tuliingia Biryogo wakati wa alasiri, watu wanatoka msikitini, maduka yote wazi. Uwamahoro alitembea katikati ya njia. Mimi pembeni yake. Mtandio nilikuwa nimeufunga kichwani kama wanavyofunga wanawake wengine, uso wote nje, upepo unapiga mahali ambapo ulikuwa haujapiga miaka thelathini, na sina la kuficha, nilitamani sana ardhi inimeze. Haikunimeza. Tukapita.

Kesho yake asubuhi nilifungua mfuniko wa cherehani, nikaishika miguu yake ya chuma, nikaikokota barazani mpaka ikageuka. Ilikwaruza sakafu vibaya. Nikakaa mgongo kwa ufa wangu na uso kwa njia.

Mteja wa kwanza alikuja saa tatu, binti mgeni mtaani, mimba kubwa, nadhani alikuwa anatafuta duka jingine. Alinyanyua macho akanikuta. Mkono wake ukashika kitenge, ukaanza kukivuta juu ya tumbo.

"Acha hiyo nguo," nikamwambia. "Nitazame vizuri. Ukimaliza, uniambie unataka rangi gani."